Jumapili nawapa Eagles

Ndugu yangu, unasema Super Bowl hii ya Februari 2025, fainali ya futiboli ya Marekani, Chiefs washaichukua kwa sababu wana Mahomes, mrusha pasi wao mkuu, na mwaka 2023 waliwafunga Eagles hawa hawa 38-35. Kweli kabisa, ila wakati ule Eagles hawakuwa na Saquon Barkley, aliyekimbia na mpira zaidi ya yadi 2,000 msimu huu. Mimi jicho langu liko kwenye ukuta wa Chiefs, wale wa mbele wanaomkinga Mahomes. Joe Thuney kazi yake ni kukaa ndani, karibu na senta, yule wa katikati anayeanzisha mpira. Sasa kasogezwa pembeni kushoto kuziba pengo. Hapo ndipo Mahomes atabanwa, maana Eagles wanamfikia kwa watu wanne tu, nyuma wanabaki saba kuzuia pasi. Mechi inachezwa New Orleans, na itakuwa 27-20, Eagles.