Ukipunguzwa kazi, serikali inakulipia fani mpya?
Kaka umesema kazini wanapunguza watu na unataka kuhamia umeme, serikali italipa? Hela ya kukushikisha mkononi ukasome sahau, ila ada ya VETA, chuo cha ufundi cha serikali pale Chang'ombe, Dar, imeshabebwa kiasi na serikali, na ile SDL, tozo ya kukuza ujuzi wanayolipa waajiri, sehemu inaenda hukohuko. Sasa wengi hawajui kuna fao la kukosa ajira NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kama umechangia miezi 18 na HUJAACHA kazi mwenyewe unapata asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6, hapo ada na nauli ya daladala inatoka, so usisaini barua ya kujiuzulu hata wakubembeleze vipi. Mkopo wa halmashauri hauna riba kweli ila ule ni wa biashara, sio ada.