Turubai Lililokunjwa: Kazi ya Msanii au ya Bahati?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeona picha za kazi za Simon Hantaï, ambaye alikunja turubai kabla ya kulipaka rangi. Ikiwa hakuona umbo alilokuwa akilichora, tutasemaje kwamba kazi ni yake? Nami nikitaka kutengeneza sanaa ya mikunjo mitupu, bila rangi, nitumie kitambaa gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kazi ni yake, tena bila shaka yoyote. Hantaï, mzaliwa wa Hungaria aliyehamia Ufaransa, alianza njia hiyo mwaka 1960. Alilikunjakunja turubai, akapaka rangi sehemu zilizobaki juu, kisha akalikunjua, na palipokuwa pamejificha ndani ya mikunjo pakabaki peupe. Ni kweli kwamba wakati wa kupaka jicho halikuuongoza mkono, lakini yeye ndiye aliyekwisha kuamua turubai likunjwe vipi, likazwe kiasi gani na lipakwe rangi ipi. Katika mfululizo wake wa Tabulas wa miaka ya 1970, alifunga mafundo kwa umbali unaolingana, ndiyo maana turubai likikunjuliwa huonekana miraba iliyojipanga safu kwa safu. Tazama kwa karibu kingo za mraba mmoja: rangi imekatika pale kitambaa kilipojifinya, ikaacha michirizi myeupe isiyofanana na ya mraba wa jirani. Bahati imefanya kazi hapo, lakini ndani ya mipaka aliyoiweka msanii, na kwangu mimi huo ndio uzuri wenyewe wa njia hii.

Kuhusu mikunjo mitupu, Piero Manzoni wa Italia, mwishoni mwa miaka ya 1950, alilowesha turubai kwa udongo mweupe wa kaolini, akaipanga mikunjo na kuiacha ikauke hadi ikawa migumu. Wewe unaweza kuanza na pamba au kitani kilichotiwa wanga na kupigwa pasi kikiwa na unyevunyevu, ingawa kikilowa tena mikunjo hulegea. Ukitaka marinda ya kudumu, chagua polyesta, kwa sababu nyuzi zake hulainika kwa joto na zikipoa zikiwa zimekunjwa hubaki na umbo hilo hata baada ya kufuliwa. Unapoitundika kazi yako, weka taa ubavuni, kwani katika sanaa isiyo na rangi kivuli ndicho kinachochora, na mwanga wa kutoka mbele hukifuta.