Tafuta mkono kwanza: ushauri kwa anayeanza kutazama filamu fupi za katuni

Marafiki ninaowatumia filamu fupi za katuni huniuliza swali moja: nianze na ipi? Huwa nawajibu waanze na ile inayoonyesha wazi ilivyotengenezwa. Tuzo ziache kwanza, na idadi ya watazamaji usiiangalie. Tafuta filamu ambayo mkono wa aliyeitengeneza umebaki ndani yake, halafu jiulize ametumia kitu gani. Mchanga? Udongo? Karatasi? Kioo? Ukishaanza kuuliza hivyo, hutatazama tena katuni kama ulivyokuwa ukitazama.

Katuni nyingi tulizokua nazo zinatoka studio kubwa. Huko mamia ya watu hufanya kazi kwa ustadi mkubwa ili mkono wa yeyote kati yao usionekane. Mhusika lazima awe yuleyule kuanzia mwanzo mpaka mwisho, nani amemchora haijalishi. Filamu fupi huru ni kinyume chake. Mara nyingi ni mtu mmoja, pengine na msaidizi mmoja au wawili, katika chumba kimoja, na baada ya miaka miwili au mitatu anatoka na dakika kumi. Hakuna wa kumwambia abadilishe mwisho ili wanasesere wauzike. Hiyo ndiyo sababu zinatofautiana kiasi kile, na ndiyo sababu nazipenda.

Mchukue Mrusi Aleksandr Petrov. Mwaka 1999 alikamilisha "The Old Man and the Sea", filamu ya dakika 20 iliyotokana na kisa cha Ernest Hemingway cha mvuvi mzee na samaki mkubwa. Petrov hupaka rangi ya mafuta isiyokauka haraka juu ya kioo chenye taa kwa chini, na hupaka kwa ncha za vidole. Brashi huishika pale tu anapohitaji mstari mwembamba. Akimaliza picha anaipiga kwa kamera, kisha anaisukuma rangi ileile kidogo, wimbi lipande, mkono wa mzee uvute mshipi, anapiga tena. Ile picha ya kwanza imekwisha. Haipo popote isipokuwa kwenye filamu. Alifanya hivyo zaidi ya mara 29,000, kwa zaidi ya miaka miwili, huko Montreal, akisaidiwa na mwanawe. Filamu ilishinda Oscar mwaka 2000.

Unapoitazama, isimamishe mahali popote na uisogelee skrini. Kwenye mawingu na kwenye maji utaona alama za vidole. Mimi hapo hukaa muda mrefu. Bahari yake haitulii hata sekunde moja, kwa sababu kila fremu, yaani kila picha moja ya filamu, imeguswa upya, na mtu aliyekulia pwani ataitambua bahari ya namna hiyo.

Baada ya Petrov, nenda kwa Yuri Norstein. Filamu yake "Hedgehog in the Fog" ya mwaka 1975 ina dakika kama kumi hivi. Kalunguyeye anakwenda kwa rafiki yake dubu wakahesabu nyota pamoja, njiani anaingia kwenye ukungu. Ule ukungu si moshi wala rangi. Norstein alitandaza karatasi nyembamba mno juu ya picha, akawa anaiinua kuelekea kwenye kamera kidogo kidogo, fremu kwa fremu, mpaka kila kitu kikafifia. Kuna farasi mweupe anayetokea humo na kupotea. Michoro ni ya mkewe Norstein, Francheska Yarbusova, na jina lake linastahili kutajwa kila anapotajwa mumewe.

Ushauri wa pili unahusu nyumba zetu zaidi. Tafuta filamu zisizo na maneno. Ziko nyingi sana, na zinaondoa kile kikwazo cha Kizungu kinachowafanya wazee wetu wajitenge na skrini wakidhani hayo ni mambo ya vijana. Jioni moja kule Tanga nilimwita mama atazame "Father and Daughter" ya Mholanzi Michaël Dudok de Wit, filamu ya dakika nane ya mwaka 2000. Alikuwa na ungo mapajani anachambua mchele. "Katuni? Nina kazi mie, mwanangu." Nikamwambia aendelee na mchele wake, atupe jicho tu.

Katika filamu hiyo baba anamuaga binti yake mdogo ufukoni, anapanda mtumbwi, anaondoka. Binti anarudi palepale na baiskeli, mwaka baada ya mwaka, kwenye upepo, kwenye mvua, mara na rafiki zake, mara na mume, mara na watoto. Nyuso hazionekani vizuri. Unachoona ni vivuli virefu, miti, magurudumu ya baiskeli, na kodiani ikipiga. Mama aliacha kuchambua. "Huyu mtoto kila siku yupo hapohapo," akasema. "Hana mtu wa kumwambia?" Ilipokwisha akaniambia niirudishe. Tulipoitazama mara ya pili ndipo akaanza kunisimulia habari za kaka yake aliyepanda meli zamani, barua zikaja kwa muda, kisha zikakatika. Mjomba huyo nilikuwa namjua kwa jina tu. Mwisho wa filamu sikusimulii. Utazame mwenyewe, na ikiwezekana uwe na mtu mzima kando yako.

Kutazama mara mbili ndiyo desturi ninayoisisitiza kuliko zote. Mara ya kwanza akili inakimbizana na kisa: nani huyu, anakwenda wapi, itakuwaje. Mara ya pili kisa unakijua, na macho yanapata nafasi ya kuona kazi. Filamu ya saa mbili huwezi kuirudia palepale. Ya dakika nane unaweza, tena kwa bando dogo. Bodi ya Taifa ya Filamu ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1939, imeweka filamu zake nyingi mtandaoni bure. Humo utamkuta Caroline Leaf, aliyetengeneza filamu nzima kwa mchanga juu ya kioo chenye mwanga, na Norman McLaren, aliyepaka rangi moja kwa moja kwenye mkanda wa filamu.

Hapo kwa McLaren nina onyo kwa wazazi. Neno katuni linatufanya tuwakabidhi watoto simu bila kuangalia. "Neighbours" yake ya mwaka 1952 inaanza kwa uchangamfu: majirani wawili wamekaa kwenye viti, ua moja linachomoza mpakani. Wote wawili ni watu wa kweli, waliopigwa picha moja moja mithili ya wanasesere, hata wanaonekana kuteleza na kuelea hewani. Wanaanza kugombea ua. Inavyoishia ni ukatili mtupu, na hata wake na watoto wachanga hawasalimiki. Ni filamu kubwa juu ya vita, na ina dakika nane tu, lakini mtoto wa miaka mitano haimfai. Mwenye nyumba atazame kwanza, halafu ndiyo awaite wadogo.

Masikio nayo yapewe haki yake. Mmarekani Don Hertzfeldt huchora watu wa vijiti, vichwa vya duara na mikono ya mstari mmoja, na mtu anaweza kudhani ni uvivu. Katika "World of Tomorrow" ya mwaka 2015 alimrekodi mpwa wake wa miaka minne akicheza, akichora na kupiga soga zake, bila kumpa cha kusoma. Kisha akaandika kisa kizima kuyazunguka maneno yale: mtoto anatembelewa na nakala yake mwenyewe kutoka miaka 227 ijayo, mwanamke mtu mzima anayeeleza mambo mazito ya kumbukumbu na kifo, huku mtoto akishangilia rangi na magari. Yule mtoto hajui kwamba yuko kwenye filamu, na hakuna mwigizaji ambaye angeweza kuigiza hivyo. Itazame kwa spika za masikioni.

Msikilize pia mtoto mwingine, wa huku kwetu. Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza "Yellow Fever" mwaka 2012 alipokuwa akimaliza masomo London, katika Royal College of Art. Inahusu kujichubua, mambo ya mkorogo tunayoyajua wote. Amechanganya wachezaji wa kweli, michoro iliyochorwa juu ya miili yao, na sauti za wanawake wakizungumzia ngozi zao. Katikati anasikika mtoto wa kike, bado mdogo sana, akisema anavyotamani kuwa mweupe. Anasema kwa furaha kabisa. Nimewahi kusoma makala ndefu juu ya mkorogo, na hakuna iliyonishika kama sauti ile.

Nayataja haya kwa sababu wapo wanaodhani sanaa hii ni ya Wazungu na sisi ni wageni. Moustapha Alassane wa Niger alitengeneza "Bon voyage, Sim" mwaka 1966, katuni ya dakika chache kuhusu rais chura wa jamhuri ya vyura. Sim anaalikwa ziara ya nchi jirani, anapokewa kwa gwaride na heshima zote, anarudi kwake na kukuta ameshapinduliwa. Mwaka huohuo Kwame Nkrumah alipinduliwa akiwa ziarani Asia. Mistari ya Alassane ni ya kawaida kabisa, nyeusi kwenye nyeupe, lakini kila aliyewahi kusimama barabarani kumpungia kiongozi mkono atawatambua wale vyura. Huko Kongo, Jean-Michel Kibushi alichukua michoro ya watoto walioshuhudia uporaji wa Kinshasa wa Septemba 1991, akatengeneza "Kinshasa, septembre noir" mwaka 1992. Uganda nako, Raymond Malinga na wenzake wa studio ya Creatures walimchukua kalabanda, yule zimwi la hadithi za mabwenini, wakamtia kwenye kisa cha mwanafunzi anayedai kazi yake ya nyumbani imeliwa. Ni ya mwaka 2017, inachekesha, na kwa watoto wa shule ninaianza hiyo.

Kama una rafiki asiye na subira, mpe "Fresh Guacamole" ya mwaka 2012, ya mtengenezaji anayejiita PES. Haifiki dakika mbili. Mpishi anapasua bomu la mkono kana kwamba ni parachichi, anakatakata mpira wa besiboli kama kitunguu, na vipande vinageuka dadu. Sijaona mtu aliyeishia katikati.

Hatimaye, jaribu mwenyewe. Sisemi uwe mtengenezaji. Ni kwa faida ya macho yako. Sekunde moja ya filamu ni fremu 24, na wachoraji wengi hutengeneza picha 12 na kuzitumia kila moja mara mbili. Chukua punje za maharage, ziweke mezani, zisogeze kidogo, piga picha, zisogeze tena. Kuna programu za bure za simu zinazounganisha picha hizo. Nilifanya hivi na wapwa zangu wakati wa likizo na mchana mzima tukapata sekunde chache tu za maharage yakitembea kuelekea kwenye kikombe, na watoto wakazirudia mpaka wakazikariri. Simu ifungwe imara kwenye kitu kisichotikisika, hata rundo la vitabu linatosha. Na fanyeni kazi dirisha likiwa limefungwa na taa ikiwaka, kwa sababu jua linasogea na mawingu yanapita mkiwa mmeinamia meza. Msipofanya hivyo, mtakapoicheza, filamu nzima itakuwa inapepesa.