Mtihani wamefaulu, makosa yako palepale

SWALI: Wataalamu wangu wa maabara wamehudhuria mafunzo ya usimamizi wa ubora na wote wakafaulu mtihani. Mbona sampuli zisizo na lebo bado zinapokelewa?

JIBU: Mtihani ulipima kumbukumbu, dada. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alieleza hatua nne za kutathmini mafunzo: mapokeo (washiriki waliyaonaje mafunzo), kujifunza, mwenendo kazini, matokeo. Nyie mmeishia ya pili.

Mimi huanzia kwenye daftari la udhibiti wa ubora. Sampuli ya udhibiti (ile ambayo jibu lake linajulikana tayari, ya kuhakiki kipimo) ikivuka mikengeuko sanifu 3, yaani ikiwa mbali mno na wastani wake, je, majibu ya wagonjwa yalizuiwa? Sababu iliandikwa? (Niliwahi kukuta daftari safi mno: kalamu moja, mwandiko mmoja, mwezi mzima!) Kisha linganisha sampuli zilizokataliwa miezi 3 kabla na 3 baada. Zikiongezeka mwanzoni usishtuke. Huenda ndiyo kwanza wameanza kuzikagua.