Fulana ya maji baridi au feni ya kofia?

Ndugu, umeuliza kama feni ya kupuliza hewa ndani ya kofia inatosha kwa mbio za magari hapa Dodoma mwezi wa Oktoba, au ununue fulana ya maji baridi. Mimi ningechagua fulana, kwa sababu ovaroli isiyoshika moto huzuia jasho kukauka, na hivyo ukavu wa hewa yetu, unaompoza mtu aliyekaa chini ya mbuyu, haumsaidii sana dereva aliyefungwa mikanda. Tena feni huvuta vumbi usipoiwekea chujio. Pampu ndogo ya volti 12 husukuma maji kutoka kwenye boksi la barafu hadi kwenye mirija iliyoshonwa katika fulana, kisha yakarudi. Gandisha chupa za maji, kwa kuwa mapande makubwa ya barafu huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo, na ujaze maji ya kutosha kuzizunguka, la sivyo pampu itavuta hewa. Boksi lifungwe kwa boliti au mikanda imara, kwani likichomoka gari linapopinduka litakupiga kama jiwe. Barafu ikiisha na maji yakapata moto, zima pampu mara moja, maana fulana itakupasha badala ya kukupoza.