Usiseme "nimekosa" kabla hujaongea na wakili

Wiki iliyopita dada mmoja alinipigia simu saa nne usiku analia. Polisi walikuwa wamempa karatasi ya kumwita mahakamani, na kosa lililoandikwa ni lile lile lililoniangukia mimi Februari 2019: kuhatarisha ustawi wa mtoto. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nikienda nikawaomba msamaha, si wataniachia?" Tulikaa kwenye simu saa nzima. Na kwa kuwa swali hili hunifikia kila majira ya baridi, nimeona bora niliandike.

Niseme kwanza nilipo. Ni jimbo la New York, huku kaskazini ambako Wakongo wengi tuliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tumetawanyika Syracuse, Utica, Rochester na Buffalo. Majimbo mengine yana sheria zao, kwa hiyo aliye Texas au Ohio asiyachukue haya kama yalivyo. Na mimi si wakili. Ni mama tu niliyewahi kusimama pale mbele.

Nilikuwa nafanya zamu ya jioni kiwandani, mume wangu ya mchana. Gari la kiwanda lilinipitia saa kumi na moja na dakika ishirini, yeye alifika nyumbani saa kumi na mbili. Katikati hapo binti yangu wa miaka minane alibaki na mdogo wake wa miaka minne. Kambini mtoto wa miaka minane hubeba mdogo wake mgongoni akaenda naye bombani, na hakuna anayegeuka kumtazama. Siku hiyo theluji iliziba barabara, baba yao akachelewa, mdogo akaanza kulia, dada yake akamshika mkono wakatoka nje kumtafuta mama. Miguuni wana soksi tu. Jirani akapiga simu polisi.

Baadaye nilishangaa kujua kwamba sheria ya New York haikutaja umri ambao mtoto anaweza kuachwa peke yake. Kifungu chenyewe, namba 260.10, kinasema kosa ni kufanya, huku ukijua, jambo linaloelekea kumdhuru mtoto wa chini ya miaka 17, mwilini, akilini au kimaadili. Si lazima mtoto awe ameumia. Ndiyo maana humo ndani utamkuta aliyeacha mtoto kwenye gari, aliyechapa kwa mkanda ukaacha alama, na hata wazazi waliopigana watoto wakiwatazama. (Kuhusu viboko: sheria inamruhusu mzazi kutumia nguvu ya kiasi kumrudi mtoto, lakini "kiasi" cha hakimu wa huku na kiasi cha bibi yako wa Fizi kule Kongo ni vitu viwili. Mkanda na waya viache kabisa.)

Kosa hili ni jinai ya ngazi ya chini. Kifungo chake hakizidi siku 364, na kesi huanza na mara nyingi huishia mahakama ya mji au kijiji. Ukiendesha gari umelewa na mtoto wa chini ya miaka 16 yumo, hiyo ni habari nyingine: tangu 2009 ni kosa kubwa hata kama ni mara yako ya kwanza, na linapanda mahakama ya juu. Humo sina uzoefu.

Mahakama yangu ilikaa jioni, mara moja kwa wiki, katika jengo lile lile la ofisi za mji. Mlangoni palikuwa na tangazo la leseni za mbwa. Mahakimu wa miji midogo huku si lazima wawe wanasheria, na wa kwetu hakuwa. Mkalimani hakuwepo ukumbini. Alikuwa sauti inayotoka kwenye spika ya simu juu ya meza, Kiswahili chake cha mjini sana, simu inakatika katika. Hakimu alisoma karatasi, kisha mkalimani akasema, "Mama, unasemaje kuhusu shtaka hili?"

Unasemaje! Mimi nilielewa ninaulizwa kama binadamu. Nimelelewa kwamba mkubwa akikusemesha, unainamisha kichwa, unasema nimekosa, naomba mnisamehe, na baraza linakwisha kwa faini ya kuku. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Wakili wa bure niliyepewa anitetee dakika kumi kabla, mwanamke mfupi mwenye viatu vya theluji vinavyochuruzika maji, akanishika kiwiko na kunijibia: anakana kosa.

Niliona aibu. Nilihisi amenifanya mwongo mbele ya watu, maana watoto kweli niliwaacha. Hadi tulipotoka nje kwenye korido ndipo akanieleza kwamba pale mbele swali si "ulifanya au hukufanya". Swali ni kama unaipa serikali hukumu bila jasho. Kukana ni kuacha mlango wazi ili watu wazungumze. Hiyo ndiyo hoja yangu yote leo, mengine ni maelezo.

Kwa sababu kesi hizi nyingi hazifiki kwenye kusikilizwa mashahidi. Zinamalizwa kwa mazungumzo kati ya wakili wako na mwendesha mashtaka, na yanayowekwa mezani hayalingani uzito hata kama yote yanakulaza nyumbani. Kwangu la kwanza lilikuwa hili: kiri kosa lenyewe, hakuna jela, mwaka mmoja bila matata, basi. Nilitaka kulidaka hapo hapo. Wakili akaniuliza, "Una uraia?" Nikamwambia nina green card, ile kadi ya ukaazi wa kudumu. Akatikisa kichwa. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inaruhusu asiye raia kurudishwa kwao kwa hatia ya kumtendea vibaya au kumtelekeza mtoto, na mwaka 2016 bodi ya rufaa ya uhamiaji iliamua kwamba kifungu hiki cha New York kinaingia humo. Kwa hiyo "hakuna jela" yangu ingeweza kuwa tiketi ya ndege. Jaji wa kijiji hana habari hiyo kichwani. Wakili wako ndiye anayetakiwa kukueleza. Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani ilisema hivyo mwaka 2010. Asipokuuliza kuhusu uraia, mwambie wewe.

La pili lilikuwa kukiri fujo ndogo, kosa ambalo New York haliiti jinai. Kwa wengine hilo ni sawa. La tatu ndilo tulilopata baada ya kuahirishwa mara nne: ile wanayoiita ACD. Hukiri chochote. Kesi inawekwa kando, kwangu ilikuwa miezi sita, unafanya uliyoagizwa (mimi nilisoma darasa la wazazi Jumamosi na kuleta cheti), na usipoharibu, shtaka linafutwa na faili linafungwa wasilione watu. Wakili alilipata kwa sababu alikwenda na karatasi mkononi: ratiba mpya ya zamu zangu, barua ya mwalimu, na jina la mama wa ghorofa ya chini aliyekubali kukaa na watoto zile dakika arobaini. Anza kukusanya vitu hivyo siku ile ile, usingoje uambiwe.

Kuna amri ya ulinzi pia. Hakimu anaweza kuitoa siku ya kwanza, jina la mtoto wako likiwa juu yake. Ipo inayosema usimdhuru, ambayo unaendelea kulala nyumbani, na ipo inayosema usimkaribie, ambayo unaondoka usiku huo huo. Uliza ni ipi kabla hujasaini. Ukipewa ya pili, mume akisema "rudi tu, mama" haibadilishi kitu. Kurudi ni kosa jipya, na hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Anayeweza kubadili amri ni hakimu.

Na wale watu wa CPS, idara ya kulinda watoto, ambao kwetu tunawaita tu watu wa watoto, si sehemu ya kesi yako ya jinai. Hao wana uchunguzi wao na mahakama yao ya familia. Nilidhani ACD imemaliza yote, kumbe wao walishaniletea barua, maana wana siku 60 za kuamua kama taarifa ina ushahidi au haina. Ikiandikwa kuwa inao, una siku 90 za kuomba ibadilishwe. Mimi niliisoma siku ya 71, tena kwa kuwa binti yangu aliniuliza kwa nini haijafunguliwa. Wafungulie mlango kwa adabu, wape chai ukitaka, lakini maelezo ya siku ya tukio yasubiri wakili. Unayowaambia yanaweza kufika kwa mwendesha mashtaka.

Yule dada wa wiki iliyopita ana siku ya mahakama Jumanne. Nimemwambia aombe mkalimani mapema, ni bure, na aseme ni Kiswahili cha Kongo. Simu ikianza kukwaruza aseme "sijasikia", hata mara kumi.

Shtaka langu lilipofutwa niliomba mahakamani cheti chenye muhuri kinachoonyesha kesi iliishaje. Nimekitia kwenye ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la uhamiaji, tuliosafiri nao, pamoja na kadi za chanjo. Mwaka 2022, kwenye usaili wa uraia, ofisa aliuliza kama nimewahi kukamatwa. Kufutwa kwa kesi hakukupi ruhusa ya kujibu hapana. Nikajibu ndiyo, nikampa cheti. Alikisoma, akapiga nakala, akanirudishia, kisha akaniuliza rais wa kwanza wa Marekani alikuwa nani.