Mwani na chujio la utando kwa majitaka ya hosteli

Ndugu, umeuliza kama hosteli ya watu 100 inaweza kujisafishia majitaka kwa mwani (vijimea vidogo mno vya kijani vya majini) na chujio la utando (ngozi nyembamba yenye vitundu vidogo sana), uachane na gari la kunyonya. Kusafisha kunawezekana, ingawa gari hutaliacha kabisa; ila kabla ya kuulizia bei ya chujio, pima kiwanja. Mwani unataka jua, kwa hiyo bwawa lake huwa na kina cha sentimita 30 hivi, likikorogwa taratibu. Kila mtu akitoa lita 80 kwa siku na maji yakae siku 5, ni kama mita za mraba 130. Unazo?

Kazi yenyewe ni nzuri. Mwani hutoa oksijeni, bakteria wanaitumia kula uchafu, halafu mwani hunyonya naitrojeni na fosforasi. Mabwawa ya kusafishia majitaka ya Dandora, Nairobi, nayo hutegemea ushirika huohuo.

Ngoma ni kuuondoa huo mwani. Chembe zake ni ndogo mno, hazitulii chini. Utando wenye vitundu vya mikroni 0.1 au pungufu (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huzizuia, pamoja na bakteria, lakini ute wa mwani huviziba upesi. Itabidi upulize hewa, usukume maji kinyumenyume na kuosha kwa klorini mara kwa mara. Umeme ukikatika, pampu nayo imelala.

Tangi la septiki libaki mbele ya bwawa, na tope lake bado litanyonywa. Maji yatakayotoka yapeleke vyooni na bustanini, ya kunywa hapana.